Uchungu Haufukuzi Sukari

Kila asubuhi Mzee Kahigi wa Nyaishozi alivaa buti zake za mpira, akakaa mlangoni kutazama barabara. Ujanani aliizunguka Karagwe na Kyerwa kwa miguu akinunua kahawa. Sasa njia moja tu ilimwita, ile ya Bugomora kwa dada yake, Mukandekezi. Kila alipofika huko, dada alimpokea kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hawakuonana tena tangu kisukari kilipomtia Kahigi ganzi miguuni.

"Nikipata nafuu nitakwenda," alisema.

"Meza vidonge kwanza," alijibu mkewe, Deodatha.

"Vidonge vya nini? Nina mubirizi."

Mubirizi ulikuwa nyuma ya nyumba, kichaka chenye majani machungu kama nyongo. Evelyn, mtafiti wa mimea, aliwahi kuja kuyachuma. Baadaye habari zikaenea kwamba majani yamepimwa maabara, yameshinda sukari!

Kahigi alifurahi. "Uchungu hufukuza utamu. Wazee walijua." Akaacha vidonge. Akawa anakunywa maji ya mubirizi asubuhi na jioni, kisha anashushia sahani ya matoke iliyojaa hadi pomoni. Deodatha alipomkanya, Kahigi alimwambia, "Yaonje! Matoke ni matamu? Sukari iko wapi?"

Siku moja Evelyn alirudi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Chuma, mjukuu wangu. Dawa yangu hiyo."

Deodatha akadakia, "Mwambie ukweli huyu! Mimi ananiita mama vidonge."

Evelyn aliweka mfuko chini. "Babu, matoke yana wanga. Wanga hugeuka sukari tumboni, hata kama mdomoni si mtamu. Kule maabara tulitia wanga kwenye kichupa, tukaongeza maji ya majani haya. Tukaona wanga unachelewa kugeuka sukari."

"Umesikia, Mama Eliud?" Kahigi alimgeukia mkewe.

"Ngoja, babu. Kichupa hakina ini wala figo. Hatujajua mtu anywe kiasi gani, wala kama yatamdhuru. Ndiyo maana bado tunapima. Tena uchungu peke yake si dawa. Nyongo nayo ni chungu, nani kapona kwa nyongo?"

Kahigi akauliza polepole, "Basi kwa dada nitakwenda lini?"

Akavua buti apumzishe mguu. Ikadondoka punje kavu ya kahawa, ina damu. Unyayoni palikuwa na kidonda.

"Jamani! Hukusikia maumivu?" Deodatha alishika kichwa.

"Sikusikia kitu."

Miguu iliyojua kila kokoto la njia ya Bugomora haikuijua punje ya kahawa.

Siku ileile walimpeleka kituo cha afya. Sukari ilikuwa juu sana. Tabibu Dastan alisafisha kidonda, akamrudisha kwenye vidonge.

"Usiviache bila kuniuliza," alisema. "Na usichanganye vidonge na dawa ya majani kimyakimya. Sukari inaweza kushuka mno, ukaanguka. Matoke punguza, maharage na mboga ongeza. Kagua nyayo kila siku. Kung'uta buti kabla ya kuvaa."

Tangu hapo Deodatha alimshikia kioo kila jioni akague nyayo. "Nyoosha mguu, bwana msafiri."

Kidonda kilichelewa kupona, lakini kilifunga. Sukari ilishuka. Ganzi haikuisha. Hata hivyo, tabibu alimruhusu asafiri.

Gari lilimshusha Bugomora. Akapita migombani taratibu, akisimama kila mahali alipopakumbuka. Mukandekezi alikuwa mlangoni, kikapu mkononi.

"Kaka! Nilidhani njia imekusahau. Pokea kahawa."

"Subiri kidogo, dada."

Kahigi alikaa, akavua buti, akazikung'uta. Akatazama nyayo, mmoja baada ya mwingine. Salama. Ndipo akanyoosha mkono.

Akatafuna, machozi yakimlengalenga.

"Ni chungu?" dada aliuliza.

"Chungu sana. Hii haitibu kisukari," alisema Kahigi. "Inatibu hamu."