Mwanamke wa Dirishani

Karakana ilianza kunuka mvua, na nje jua lilikuwa kali. Fundi fremu akanusa mbao zake, akanusa gundi, akaachana na harufu hiyo. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anamuuguza mama yake peke yake katika chumba cha nyuma, na hata pua yake ilikuwa imechoka.

Mezani palikuwa na picha ya zamani, iliyopigwa chapa kwa ubao wa kuchonga, ya mteja aliyetaka iwekewe fremu. Nyumba mvuani, na dirishani mwanamke ameketi, ametugeuzia mgongo. Aliyeuchonga ule ubao hakuwa mtu wa mchezo: nywele zilihesabika unywele mmoja mmoja. Kuitazama ndiyo ilikuwa starehe yake pekee, kwa hiyo aliichelewesha makusudi.

Siku ya nne tangu picha iletwe, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Alikimbilia chumba cha nyuma. Mama alikuwa amegeuzwa, ameoshwa, amechanwa nywele.

"Yule dada uliyeniletea ana mikono ya baridi," mama akanong'ona. "Lakini ana subira kukushinda."

Yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Mganga aliyeitwa aliishia mlangoni. "Ichome picha hiyo leo, jua likiwa bado juu," akasema kwa sauti ya chini. "Jini huyo hauguzi. Anamzoeza mgonjwa ili aondoke naye."

Fundi akauliza kama kesho haitafaa. Mganga akaenda zake.

Kiberiti alikishika. Kisha akajilaza kwenye benchi, dakika tano tu, na kutoka chumba cha nyuma akasikia kiti kikilia, maji yakidondoka sakafuni, mama akiuliza taratibu wanakwenda wapi, na yeye, aliyesikia yote na angeweza kuinuka, akajiambia kwamba anaota, akavuta shuka hadi masikioni, akalala.

Alipoamka kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakina mtu. Kwenye picha walikuwa wawili dirishani. Alipapasa karatasi kwa nyuma: mistari mipya ilikuwa imeuma karatasi kama mistari ya ubao wa chapa inavyouma, si kazi ya kalamu. Nywele chache za mama zilichongwa vizuri ajabu, na uso wake ulimwelekea mwanawe, mdomo wazi.

Alilia, alilia sana. Ila kabla ya machozi alikuwa amehisi mwili mzima umepumzika, na hilo ndilo lililomtisha kuliko picha.