Bibi Arusi Haalikwi

Pindo la gauni la Aida lilinaswa na mnyororo wa baiskeli katikati ya gulio la Tunduma, mwaka 1954, kapu la karanga likiwa kichwani mwake na lori la kutoka Rhodesia likipiga honi nyuma yake.

"Simama! Usikanyage!" alipiga kelele.

Mwenye baiskeli alishuka. Alikuwa kijana mrefu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama kama ubao, kalamu mbili mfukoni. Aliinama akalinasua gauni polepole, lakini kwenye maua yake ya samawati grisi ilikuwa imekwisha kushika.

"I am very sorry, Miss," alisema.

"Sori haifui nguo, bwana. Sabuni ndiyo inafua."

Wauza ulezi wakacheka. Kijana naye akacheka, na hilo ndilo lililomwokoa.

"Naitwa Amoni. Niko kwenye mizani ya mahindi pale dukani. Sabuni nitaleta."

"Ilete. Na Kizungu chako ukiache hukohuko."

Sabuni aliileta, Kizungu hakukiacha. Kila gulio alikuja kusimama mbele ya karanga zile, na Aida akampa jina la Bwana Kamusi. Amoni naye alimwita Namonje, jina la ukoo wa kwao, kwa sauti iliyomfanya Aida ajaze kipimo hadi kumwagika na mnunuzi aondoke akishukuru.

"Unanipenda, au unapenda kuniita tu?"

"Nakupenda, kipenzi. Kuita ni mazoezi."

"Basi acha mazoezi, uje kwa baba."

Jioni Amoni alisoma misheni, darasa la watu wazima. Huko alifundishwa kwamba maana ya "invite" ni kumwita mtu kwa heshima. Neno hilo lilimwingia moyoni. Kuoa, kwake, lilikuwa neno tupu, hata walevi walilisema kilabuni. Kuitwa kwa heshima ndiko kulikomstahili Aida.

Lakini Amoni alijua maana ya neno, Aida akajua matumizi yake. Aliwahi kulea watoto wa bibi mmoja wa Kizungu huko Isoka, ng'ambo ya mpaka. Pale, watu walioitwa kwa neno hilo walikuja na kofia zao, wakala keki, wakaaga, wakaenda kwao.

Jumapili moja, kwaya ilipotoka kanisani, Amoni alisimama njiani amevaa koti la kuazima. Alivua kofia.

"Miss Aida, I invite you to my wedding."

Wasiojua Kiingereza wakapiga makofi. Aida alimkazia macho.

"Arusi yako?"

"Ndiyo, yangu. Baada ya mavuno."

"Na mimi umenialika?"

"Wewe wa kwanza, Namonje! Hakuna mwingine niliyemwambia."

"Mungu akubariki," Aida akasema kwa midomo mikavu. "Nitakuja."

Amoni alisikia ndiyo. Aliondoka akipiga mluzi, akimwinulia kofia kila aliyekutana naye, mbuzi nao.

Kule kijijini kwao Mpemba, Aida aliketi mbele ya mafiga yasiyo na moto. Shangazi yake Ruti, aliyekuwa amekuja kutoka Mufulira, ng'ambo ya mpaka, kumsalimu kaka yake, alimkuta hapo.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Shangazi, yule Osea wenu wa mgodini bado anatafuta mke?"

Tangu afike, Ruti alikuwa akimsifia Osea, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, na kila mara Aida alicheka. Safari hii hakucheka.

"Anatafuta. Lakini si una Bwana Kamusi wako?"

"Anaoa. Amenialika."

"Amekualika! Hana haya?"

"Kwa Kizungu, shangazi. Mbele ya kwaya nzima."

Ruti akamvuta kifuani, na hapo ndipo Aida alipolia. Baba yake, Mzee Kasiani, alikubali shingo upande Ruti amchukue. Wangeondoka na basi la Alhamisi. Akishavuka mpaka, Aida angekuwa mke wa Osea, maana Ruti hakuwa mtu wa kurudisha neno.

Alhamisi hiyo asubuhi Amoni alikuwa kwa Barnaba, fundi wa cherehani, akijaribishwa koti la arusi.

"Bibi arusi wako ni wa wapi, ndugu yangu?" Barnaba aliuliza, pini mdomoni. "Wanasema wa Vwawa."

"Waongo! Ni Aida."

Barnaba akatema pini. "Aida wa Mzee Kasiani? Mbona amepita hapa sasa hivi na sanduku, anakwenda kuolewa Mufulira?"

"Haiwezekani! Nimemwita mwenyewe, akasema atakuja!"

"Umemwita kwenye arusi ya nani?"

"Yangu."

"Amoni. Anayeitwa kwenye arusi yako ni mgeni. Bibi arusi haalikwi, huombwa kwao."

Amoni alitoka mbio na koti la mkono mmoja, nyuzi nyeupe zikining'inia begani.

Basi lilikuwa mpakani, askari akimalizia kukagua mizigo. Amoni alikimbia dirisha hadi dirisha akiita. Aida, leso ya manjano kichwani, akageuza uso.

"Nenda kwa mkeo."

"Sina mke! Mke ni wewe!"

"Ulisema arusi yako, Amoni. Mbele za watu. Ungesema yetu ungekufa?"

"Nilidhani neno lile..."

Kiingereza chote kikampotea. Kiswahili nacho kikampotea. Akabaki akipiga bati la basi kwa kiganja, machozi yakimtiririka, abiria wote wakimtazama. Kisha maneno yakaja kwa Kinamwanga, lugha ya mama yake: anataka kuzeeka naye, na basi likiondoka hajui ataelekea wapi.

Injini ikanguruma. Askari akainua kizuizi.

"Keti, mwanangu," Ruti alisema. "Baba yako ameshatoa neno. Mwenye nia angekuja nyumbani, siyo barabarani."

"Kweli, mama," Amoni akajibu. "Nilipaswa kuja. Nitukaneni, nipigeni, lakini msimvushe."

Aida akasimama.

"Sanduku lako limefungwa juu," Ruti akamwonya. "Dereva hangoji mtu."

"Liende. Nguo avae mke atakayempata Osea."

"Utaniaibisha!"

"Nitakuaibisha leo, shangazi, unisamehe. Nikienda, nitamwaibisha Osea kila siku."

Aliruka basi likianza kutambaa. Ruti alitoa kichwa dirishani akifoka kwa Kibemba mpaka vumbi likammeza.

Aida alimpiga Amoni ngumi ya kifua, kisha akamshika koti kwa mikono miwili.

"Baba atakufukuza."

"Anifukuze. Nitarudi kesho."

"Atakufungulia mbwa."

"Na kesho kutwa nitarudi."

"Utasema nini?"

"Nitasema nimekuja kuomba."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa magoti."

"Basi twende sasa hivi," Aida akasema, "kabla sijakumbuka kwamba nimebaki na nguo moja."