Dakika Themanini za Bi Kimya

Kantini ya kiwanda ilikuwa imefurika mchana huo hata wengine wakawa wanakula wamesimama. Kiti kimoja tu kilibaki, mbele ya mwanamke aliyevaa koti la kazi la buluu na kilemba cha zambarau, akila huku macho yake yakiwa ukutani. Wenzake walimwita Bi Kimya.

"Dada, hapa pana mtu?" aliuliza mwanamume mrefu, mikono ya shati lake jeupe imekunjwa vizuri.

"Hapana."

"Ahsante. Mimi ni mgeni, mhandisi. Nimeletwa kwa miezi mitatu. Wanasema kuna mtambo unalala zaidi kuliko unavyofanya kazi."

Bi Kimya akaweka kijiko chini. "Mtambo huo ni wangu."

Mhandisi alimeza tonge bila kulitafuna. "Nimeanza vibaya."

"Vibaya sana," akasema, lakini kicheko kilimchungulia mdomoni.

Mtambo wake ulipachika vipuri vidogo kama punje za ufuta kwenye bodi za saketi. Kiwanda kilipokea oda ndogo ndogo za kila aina: asubuhi bodi thelathini za pampu za maji, mchana ishirini za mizani ya zahanati, jioni nyingine kabisa. Kila oda ilipobadilika, Bi Kimya aliuzima mtambo, akavua roli zote zilizoviringishiwa vipuri, akaenda stoo kutafuta nyingine, akazivisha na kuzikagua moja moja. Dakika themanini. Wenzake walitoka kuota jua, yeye akabaki ukumbini na mlio wa feni. Nyumbani kulikuwa vivyo hivyo. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita, na kaka yake, aliyeishi mbali, alimpigia simu Jumapili tu.

Siku ya kwanza mhandisi alisimama kando akimpima kwa saa. Siku ya pili aliitia saa mfukoni akauliza, "Ingekuwa juu yako, ungefanyaje?"

Bi Kimya aliacha kuvisha roli. Miaka sita kwenye mtambo huo, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ningepanga roli za oda inayofuata kwenye toroli wakati mtambo bado unafanya kazi. Na oda zinazotumia vipuri vilevile ningezifuatanisha. Kwa nini nivue kitu ninachokwenda kukivisha tena?"

"Na hukuwahi kusema?"

"Kumwambia nani?"

Wakaanza kuijaribu njia yake, bega kwa bega. Mikono ikiwa kazini, maneno yakaja yenyewe: Bi Kimya akasimulia habari za marehemu mumewe, mhandisi akasimulia vyumba vya kupanga katika miji ambayo hakuna hata jirani mmoja aliyemjua. Jioni moja simu ya Bi Kimya ikalia; alikuwa mhandisi.

"Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, mpenzi."

"Mpenzi nani?"

"Samahani, ulimi umeteleza."

"Basi uache uteleze," akasema Bi Kimya, kisha akakata simu haraka kwa haya.

Dakika themanini zikawa hamsini, zikawa thelathini, zikafika kumi na nne. Meneja alifurahi. Wao wawili waligundua kwamba kila dakika waliyoiokoa ilitoka kwenye mazungumzo yao.

Wiki ya mwisho, ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mhandisi ukabandikwa ubaoni. Bi Kimya aliusoma huku watu wakimpisha: "Mtambo ulikuwa ukimngoja fundi dakika themanini kwa kila oda." Mtu nyuma yake akacheka chinichini. Alihisi uso unamwaka moto. Kumbe siku zote hizo alikuwa anachunguzwa.

Mhandisi alipoondoka, hakwenda kumuaga. Simu ililia siku tatu, nne, wiki nzima, hakupokea. Kisha ikaacha kulia, na hilo likamuuma zaidi.

Mwezi wa pili tangu mhandisi aondoke, mama mtunza stoo alimwekea karatasi mezani. "Mwanangu, umekonda bure. Meneja alibandika ukurasa mmoja. Huu hapa wa pili."

Uliandikwa: "Kosa si la fundi. Amefanya peke yake kazi ya watu wawili kwa miaka sita. Njia yote iliyoelezwa humu ni ya kwake. Mimi nimeiandika tu."

Alipiga simu palepale, kati ya roli zake.

"Ni mimi."

"Nilidhani nimekukosa," mhandisi akasema.

"Nilisoma nusu nikahukumu yote. Nisamehe."

"Nilipaswa kukuonyesha kabla ya kumpa meneja. Jumamosi nije?"

"Njoo."

Alikuja kwa basi la asubuhi. Wakakaa kwenye chumba cha Bi Kimya chenye viti viwili, chai ikapoa.

"Nataka kukuoa," alisema. "Ila nimefungwa na mkataba kule ninakofanya kazi sasa, mwaka mzima. Nitakuja mara moja kwa mwezi, si zaidi. Unaweza kukataa."

Bi Kimya alisukuma kikombe chake kando. "Kwanza uende kwa kaka yangu. Mengine nitayavumilia."

Alasiri alimsindikiza kituoni, akasimama mpaka basi likapotea. Barabarani, akirudi, akampigia kaka yake.

"Leo si Jumapili," kaka akashtuka. "Kuna nini?"

"Kuna mtu atakuja kwako kuniposa. Sasa hivi ameondoka."

"Una furaha?"

"Nina furaha, kaka. Na naogopa kuingia nyumbani peke yangu."

"Basi usikate simu," kaka akasema. "Tembea nami mpaka mlangoni."