Mstari wa Chumvi

Asubuhi, watoto wakiwa bado usingizini, mke wa msimamizi wa hifadhi ya bahari alikuta mstari wa chumvi sebuleni, umenyooka ukuta hadi ukuta. Akaufuta kwa tambara.

"Baba watoto, nyumba iko mlimani hii. Bahari imepanda kwa miguu?"

Mume alicheka. Kesho yake mstari ulikuwa umerudi, umesogea kuelekea chumba chao, na upande wa mlangoni kulinuka mwani uliooza.

Safari hii hakucheka. Wiki ile alikuwa ameamuru maboya ya mpaka yasogezwe ndani ya hifadhi, ili boti za wageni wa hoteli mpya zipate pa kutia nanga. Chini ya maji hapo palikuwa na matumbawe, mazalia ya samaki. Nanga zilikuwa zimeshayavunjavunja kama vigae.

Akamwita mganga, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Mganga hakufukiza chochote. Alichuchumaa, akaonja chumvi, akatema.

"Maboya yale ni mpaka wa wenyeji wa baharini pia, mwanangu. Umewapunguzia kule, wanajifidia huku. Yarudishe leo. Na kitakachoachwa ng'ambo ya mstari usikiguse. Si chako tena."

Akampigia simu mzamiaji wa hifadhi ayarudishe. Muda si muda meneja wa hoteli naye akapiga.

"Bosi wangu, usiniangushe! Leo ni ufunguzi rasmi, wageni wameshapanda boti. Kesho asubuhi nitayarudisha kwa mikono yangu."

Msimamizi alitazama sebuleni. Mstari ulikuwa bado mbali na mlango wa chumba.

"Kesho asubuhi, basi."

Alasiri mkewe alijilaza kidogo, na mumewe alipokwenda kumwamsha alikuta mstari umepita katikati ya shuka, naye yuko ng'ambo, nywele zikielea juu ya mto kama zimo majini, mdomo ukifunguka na kufumba bila sauti, mpaka sauti ikatoka, nyembamba, imejaa mapovu: "Mume wangu, nishike mkono, huku hakuna pa kukanyaga."

Alikumbuka maneno ya mganga. Mikono akaiweka nyuma.

Maboya yalirudishwa kabla jua halijazama, na mstari ukafutika. Shuka lilikuwa kavu. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema mapafu yamejaa maji ya bahari.

Baada ya maziko meneja alikuja na pole, pamoja na ombi: boti zimeongezeka, apewe nafasi kidogo tu. Msimamizi hakubishana. Aliyasogeza maboya mwenyewe, ndani zaidi kuliko alivyoombwa.

Kulipokucha mstari ulikuwapo sebuleni. Akaketi mbele yake, akangoja, hadi ng'ambo yake tambara lilipoanza kusugua sakafu, taratibu, kama lilivyosugua kila asubuhi ya ndoa yao.

"Mke wangu," alinong'ona.

Tambara likanyamaza.

"Baba watoto," sauti ya mapovu ikajibu, "watoto wamelala chumba gani?"