Kadi Niliyomjazia Halima

Nina umri wa miaka arobaini na moja, ni muuguzi, mama wa watoto wawili niliowaacha Meru kwa bibi yao. Wasomaji wenzangu, kosa ninalolikiri hapa si la mapenzi wala la ulevi. Ni la kalamu... na limemuua mtu niliyempenda!

Huu ni mwaka wangu wa tatu katika zahanati moja ndogo, mbele kidogo ya Modogashe. Nilipofika sikujua Kisomali hata cha kuombea maji. Aliyeniokoa ni Halima, mama wa makamo aliyeuza maziwa ya ngamia karibu na lango letu. Alinifanya dada yake, akiniita "abaayo", hata kabla sijajua kutamka jina la baba yake.

Siku za kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, Halima ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Wanawake wa huku hawamvulii mtu nguo ovyo. Yeye alikaa nao mkekani, akawatania, akawaeleza kwamba ugonjwa huu ukiwahiwa unatibika, mpaka wakacheka na kuingia mmoja mmoja. Nikiuliza kama mtu anatokwa na damu isiyo ya kawaida, yeye ndiye aliyetafsiri. Je, niliwahi kumuuliza yeye mwenyewe? Hata siku moja!

Jumatatu moja mkubwa wangu alipiga simu akitaka ripoti. Kufikia idadi niliyopangiwa kulibaki mwanamke mmoja tu. Nikamgeukia Halima.

Akarudi nyuma. Kama wengi wa rika lake, alikeketwa na kushonwa akiwa mtoto, na makovu yalikuwa bado yanamtesa.

"Abaayo, hiyo chuma yako mimi naogoba," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, inayoigeuza "p" kuwa "b", akijitia kucheka. "Wewe andika tu, bas. Mimi si mtu ya hapa?"

Kifaa kidogo cha kupimia, cha wanawake wenye makovu kama yake, kilikuwa kabatini. Kilitaka kuchemshwa tu, na yeye kubembelezwa taratibu. Nusu saa, basi! Lakini joto lilikuwa limenichosha, na nikajiambia nitampima wiki ijayo. Nikajaza kadi: amepimwa, hana tatizo. Halima akaifunga kwenye pindo la mtandio wake, tukanywa chai.

Wiki ijayo ikawa mwezi ujao... nikasahau.

Alipoanza kutokwa na damu hakuniambia. Alikwenda Garissa kwa binti yake, Fardosa, aliyempeleka kwenye kliniki moja ya mjini. Walipoulizwa kama mama amewahi kupimwa, Fardosa akaitoa kadi yangu kwa fahari. Daktari akaisoma, akaamini, akaandika dawa za maambukizi. Halima akarudi, akapewa nyingine. Miezi saba! Halima alikuwa ameketi pale pale, anaujua ukweli, na hakufungua mdomo.

Walipokuja kumpima sawasawa, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Nilifunga safari kwenda kumwona. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yake. Nikamuuliza kwa machozi kwa nini hakusema.

"Ningesema hukunibima, si wangekufuta kazi?" akaniambia. "Na watoto yako watakula nini?"

Mungu wangu... Alikuwa anakufa huku akiwawazia wanangu!

Tulimpoteza kabla ya Ramadhani. Siku ya vipimo iliyofuata, mkeka ulibaki mtupu. Nilipouliza, mama mmoja alinijibu bila kuniangalia, "Halima alibimwa, kadi ikasema mzima. Si amekufa? Sasa sisi tuje kwa nini?"

Nilimtafuta Fardosa nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Akakufichia siri?"

"Alinifichia."

Alijifunika uso na mtandio wake, akalia bila sauti. Sikuthubutu hata kumshika bega. Kutoka hapo nilikwenda kwa mkubwa wangu nikakiri. Barua ya onyo ninayo, na ninaistahili.

Fardosa alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuja kijijini kwetu, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake kwamba mama yake hakupimwa kamwe, kwa hiyo wasiogope, waende. Nao wakaanza kurudi, wawili, watatu...

Yeye mwenyewe alikwenda kupimwa Garissa, kwa muuguzi mwingine. Salamu yangu mpaka leo haitikii.

Wauguzi wenzangu, nawasihi, msiandike ambacho mikono yenu haikufanya, hata kama ripoti inachelewa, hata kama mwenyewe amekuomba! Nanyi kina mama mnaoogopa, semeni kwamba mnaogopa, mwombe kushughulikiwa polepole, lakini msikubali kadi ya bure. Mimi nilimpa dada yangu kadi ya bure, na sina wa kumwomba msamaha.