Maji ya Mgeni

Kila asubuhi Wunpini alikuwa na kazi mbili: kutia shabu kwenye mtungi wa maji ya bwawa ili tope lishuke chini, kisha kuyachemsha na kuyamimina katika chungu cha kunywea. Ya kwanza aliipenda. Ya pili ilikuwa na moshi, na Wunpini na moshi hawakupatana hata kidogo.

Jumamosi hiyo aliacha jiko baridi, akakaa na daftari. Mwalimu wa Kiingereza alitaka waeleze tofauti ya maneno mawili, "clear" na "clean", kwa mfano wa nyumbani. Wunpini aliandika harakaharaka: "Ni mamoja. Maji yetu ni clear, kwa hiyo ni clean." Akafunga daftari, ameridhika.

Mara Mjomba Sulemana akaingia uani, ametoka mjini Tamale. Kwao mgeni haulizwi habari kabla hajanywa.

"Wunpini, maji," mama aliita.

Chungu kilikuwa kitupu. Alichota mtungini kwa kibuyu kilichokatwa kama bakuli; maji yalikuwa maangavu hata michoro ya ndani ya kibuyu ilionekana yote. Akapiga goti, akampa mjomba kwa mikono miwili.

"Yanapendeza," mjomba alisema. "Napari, njoo unywe kwanza."

Napari, mdogo wake Wunpini wa miaka mitatu, alikuwa ameharisha wiki nzima, na juzi tu ndipo alipoanza kucheza tena. Wunpini aliingiwa na hofu. Kumpokonya mgeni maji ni aibu ya nyumba nzima, lakini alikishika kibuyu.

"Samahani, mjomba. Usimpe, na wewe usinywe. Sikuyachemsha."

Mama aliinamisha uso kwa haya.

"Mbona hayana hata chembe?" mjomba aliuliza.

"Nilitia shabu."

"Shabu inaondoa tope, mwanangu. Vijidudu vinabaki, na huvioni. Haya, washa moto. Mama yako anataka habari zangu, nami sisemi neno mpaka ninywe."

Wunpini alipuliza moto, machozi yakimtoka, bila kunung'unika. Maji yalipochemka na kupoa, mjomba alinywa, kisha akampa Napari.

"Aibu ya leo itaisha kesho," alimwambia Wunpini. "Mtoto akiugua, hatujui kama atapona. Usiwe mvivu wa kuchemsha maji, na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo."

Jioni Wunpini alifungua daftari, akafuta jibu lake, akaandika: "Clear ni maji niliyompa mjomba kwanza. Clean ni yale aliyokunywa."