Betri za Pinki

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia saluni. Mwenyewe akafuata nyuma. Ilikuwa harufu ya stroberi, lakini stroberi iliyotafunwa, ikatemwa, ikaanikwa juani. Wateja waliojazana mchana ule wa Jumamosi wakaziba pua. Msusi, ndani ya gauni lake la kijani, akaachia msuko alioushika.

"Samahani, dada," alisema kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi. "Mimi fundi betri wa kibanda cha pili. Draya yangu imekufa. Naomba hewa ya moto kidogo tu."

"Unakausha nini?"

Akafunua sahani ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na betri nene kama kidole gumba, nguo zao za nailoni zimechanika, zimegandwa na utomvu wa kahawia, vumbi, na unywele mmoja mrefu usio na mwenyewe.

"Yallah! Zimetoka mdomoni mwa nani hizo?"

"Zimetoka ndani ya sigara za umeme. Mate yanabaki upande wa juu."

"Bora ungenyamaza!"

Saluni nzima ikacheka. Msusi akamwelekeza kwenye kigoda cha dirishani, mbali na taulo zake. Alikusudia asimtazame, akamtazama. Vidole vya fundi vilikuwa vinateleza kwa uchafu, lakini vilifanya kazi kwa upole kama vya mtu anayemvua mtoto fulana. Alifuta betri, akachana nailoni ya zamani kwa kipande cha plastiki, si kisu.

"Kwa nini uivue?"

"Mwili huu wote ni hasi, chanya ni kichwa peke yake. Nguo ikichanika hapa shingoni, viwili vikakutana, ni shoti. Ikiwa mfukoni, mtu anaungua paja hivi hivi anaona." Akaweka kichwani mwa betri duara jeupe la karatasi. "Hii ndiyo pete. Pete kwanza, nguo baadaye. Ukisahau pete, umevisha bomu."

Akaivika nailoni ya bluu, akaipulizia kwa moto mdogo huku akiizungusha. Nailoni ikanywea, ikabana vizuri kuliko sketi ya dukani. Betri iliyobonyea aliitenga.

Fundi akaondoka na draya ya saluni, na tangu siku hiyo akawa haishi visingizio vya kutoirudisha. Alimbandika msusi jina la Bi Kinyaa. Simu nazo zikaanza.

"Umenawa?"

"Mpaka viwiko, mpenzi."

"Muongo. Nakunusa hadi huku."

"Basi vuta pumzi, ndiyo mapenzi hayo."

Akikata simu, msusi alijikuta anajinusa mkono mwenyewe, akitafuta ile stroberi mbaya, akitabasamu.

Alasiri moja alijipamba, akampelekea chai bila kumwambia. Akamkuta ameinamia betri iliyobonyea ubavu, imevuja, imeota kutu kama meno yasiyopigwa mswaki. Alikuwa akiivika nguo mpya ya pinki. Pembeni kulikuwa na kopo limejaa nyingine za pinki, zinang'aa.

"Hiyo nayo ni nzima?"

"Hii? Ilikwisha zamani." Fundi akacheka, draya ikiunguruma. "Lakini ikivaa si inapendeza?"

Msusi akaitua chai mezani kwa kishindo. Kaka yake alikuwa mvutaji wa sigara hizo za umeme. Betri zake alinunua hapo hapo, akazitia mfuko wa suruali.

"Nilidhani uchafu wako uko vidoleni tu," alisema. "Kumbe umeingia mpaka moyoni. Unavisha uozo unauzia watu!"

"Bi Kinyaa, subiri—"

Hakusubiri. Simu zake hakuzipokea tena. Kaka alipoambiwa, hakuamini. "Nitakwenda kumtega," alisema. "Nitaacha simu hewani, usikilize mwenyewe."

Msusi akaweka simu sikioni, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa.

"Fundi, nipe ile ya pinki," sauti ya kaka ilisikika.

"Siuzi."

"Naipenda rangi yake, bwana!"

"Shemeji, pinki ni sanda. Hizo ni maiti. Zamani nilizitupa uchi, zikagusana pipani zikawaka moto. Nyingine watu wakaziokota, wakaziuza. Sasa naziziba vichwa, nazivika rangi moja, na mafundi wote wa hapa wanajua pinki hainunuliwi. Zinangoja gari la taka za umeme."

"Na mbona hukumwambia dada yangu?"

"Nilitania, shemeji. Utani wa kijinga. Hata ile pua anayonikunjia, naikosa."

Mteja aligeuka akaona mahali patupu. Msusi alikuwa ameshafika kibandani, kitana kimechomekwa nyweleni, aproni imejaa nywele za watu.

"Mjinga wewe! Ungesema sanda!"

"Na wewe ungeuliza! Lo, na hizo nywele... ni za nani? Mbona mimi ndiye ninayenyanyaswa kwa uchafu?"

Msusi akaangalia aproni yake, akashtuka, akacheka mpaka akaegemea meza. Fundi hakucheka. Aliokota duara jeupe la karatasi, akalishika kwenye ncha ya kidole.

"Pete kwanza," alisema taratibu. "Ya dhahabu itafuata. Utanikubali?"

Kaka mtu akajifanya anachagua betri.

Msusi aliinama, akainusa ile pete. Uso ukamkunjamana wote, machozi yakimlengalenga.

"Nimekubali," alisema. "Sasa nenda kanawe."